Kibiongo na Edeke: Jina la Mungu kati ya Okot p'Bitek na Biblia za Mpakani

Utangulizi

Tangu Okot p'Bitek achapishe Song of Lawino mwaka 1966, na hasa baada ya Paul Sozigwa kulileta shairi hilo katika Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino, uhakiki wa fasihi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umekuwa na jibu la haraka kwa kila swali linalohusu Maandiko ya Kikristo katika lugha za wenyeji. Jibu lenyewe ni kwamba wamisionari hawakuelewa walichoambiwa, wakaokota neno lisilofaa, na waumini wakabaki wakiliabudu kosa hilo. Makala haya yanakusudia kulipima jibu hilo kwa mfano ambao Okot hakuushughulikia, ingawa uko karibu sana na ule wake: jina Edeke, ambalo Wateso wa Malaba, Amagoro na Amukura hulitumia kumtaja Mungu wa Biblia. Pamoja nalo yatatazamwa majina Were na Nyasaye, yanayosikika Busia, Nambale na Funyula, pamoja na jina Mungu la Kiswahili, ambalo katika makanisa ya miji hii miwili ya mpakani ndilo hukutanisha wasemaji wa lugha zote hizo.

Suala hili halihusu msamiati peke yake. Ikiwa Okot amesema neno la mwisho, basi mwanamke wa Chakol anayemwomba Edeke amponye mtoto wake anaomba kwa jina lililotokana na ajali ya mahojiano kati ya mgeni na wazee, na mhakiki aliyekaa maktabani anaijua sala yake kuliko anavyoijua yeye mwenyewe. Hilo ni dai kubwa, na halipaswi kukubaliwa kwa sababu tu limetolewa na mshairi mkubwa.

Kibiongo cha Rubanga

Katika African Religions in Western Scholarship (1970), Okot anasimulia jinsi mapadri wa Kiitaliano walivyowakabili wazee wa Kiacholi mwaka 1911 na kuwauliza ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa, kwa maelezo yake, lugha yao haikuwa na dhana ya kuumba inayojitegemea, swali liligeuka na kuwa ni nani aliyewafinyanga, kama mfinyanzi anavyofinyanga chungu. Wazee walijua kwamba mtu huzaliwa na mama yake. Lakini mmoja alikumbuka kuwa yuko anayefinyanga watu kwa namna nyingine: Rubanga, pepo anayeaminika kuleta kifua kikuu cha uti wa mgongo na kumpinda mtu akawa kibiongo. Hivyo, anasema Okot, jina la mharibifu likaandikwa katika katekisimu kuwa jina la Muumba.

Masimulizi haya yana nguvu ya ngano iliyosukwa vizuri, na Okot aliitumia nguvu hiyo kabla ya kuyaandika kama hoja. Katika Song of Lawino, kila mahali ambapo Mkristo wa Kiacholi angesema Rubanga, mshairi ameandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya kibiongo. Lawino anauliza kibiongo huyo alichimba wapi udongo wa kufinyangia mbingu na dunia, na walimu wa dini wanakasirika badala ya kumjibu. Kichekesho hiki kinategemea mbinu moja tu: kufasiri jina la Mungu kwa shina lake badala ya kulifasiri kwa matumizi yake. Mbinu hiyo ni halali kabisa katika tashtiti. Tatizo linazuka pale wahakiki wanapoichukua sauti ya mhusika, tena mhusika mwenye hasira za ndoa, na kuifanya kuwa matokeo ya utafiti wa isimu. Wapo pia waliodokeza kwamba jina Rubanga lina uhusiano na Ruhanga, Muumba wa Wanyoro. Ikiwa ni hivyo, ajali ile ya mwaka 1911 haikuwa chanzo pekee cha jina hilo, na huenda haikuwa chanzo hata kidogo. Okot hakulipa jambo hilo uzito, na kwa kweli shairi lake lisingefaidika kwa kufanya hivyo.

Upande wa nadharia, pingamizi dhidi ya mbinu ya Lawino lilikuwa limeshatolewa. James Barr, katika The Semantics of Biblical Language (1961), aliwashutumu wanateolojia wa Ulaya waliochimbua mashina ya maneno ya Kiebrania na Kigiriki na kudai kwamba humo ndimo ilimofichwa fikra ya watu wa kale. Barr alisisitiza kwamba neno lina maana linayotumiwa nayo katika sentensi za wasemaji wake, na asili yake si hakimu. Theos la Kigiriki lilikuwa jina la jumla la miungu ya Olimpo kabla Paulo hajaliandika katika nyaraka zake, na hakuna asomaye waraka kwa Warumi akidhani kwamba Zeu ndiye anayetajwa. Lamin Sanneh, katika Translating the Message (1989), alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba mara mmisionari anapokubali jina la wenyeji kwa ajili ya Mungu, anakuwa ameukabidhi ufafanuzi wa Maandiko kwa wenye lugha, apende asipende.

Kwa hiyo yaelekea Okot ameshindwa. Lakini mfano wa Malaba unaonyesha kwamba hata Barr hakulimaliza jambo.

Edeke upande wa Malaba

Wateso wa Kenya wamekatwa na mpaka. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo mkoa huo ulihamishiwa utawala wa upande wa pwani, na baadaye mstari unaofuata mito Sio, Malaba na Lwakhakha ukawagawa Wateso, Wasamia na Wabukusu. Lugha ya dini haikuutii mstari huo. Biblia nzima ya Kiteso, iliyotoka mwaka 1961, ni zao la kazi iliyofanyika Uganda, na ndiyo inayosomwa pande zote mbili za daraja la Malaba. (Mwaka huo ndio uliotoa kitabu cha Barr. Sadfa hii haithibitishi lolote, lakini inafurahisha.)

Katika Biblia hiyo Mungu anaitwa Edeke. J. C. D. Lawrance, afisa wa utawala wa Kiingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya Wateso mwaka 1957, alieleza kwamba Wateso wa zamani walimjua Akuj, mwenye uwezo wote lakini aliye mbali, na Edeke, aliyehusishwa na maafa. Jina la kwanza lina undugu na neno la juu, mbinguni. La pili lina undugu na maneno ya maradhi, na katika Kiturkana, ndugu wa karibu wa Kiteso, umbo hilohilo edeke ni jina la kawaida la ugonjwa. Ufanano na habari ya Rubanga ni wa kushangaza. Kama Okot angemtuma Lawino avuke kwenda Malaba, asingekosa la kuuliza.

Kwa nini Edeke alichaguliwa na Akuj akaachwa? Majibu yaliyo rahisi hayaridhishi. Mtu anaweza kusema kwamba Mungu aliye mbali hakuwa na ibada ya kutosha kumfanya ajulikane, ilhali mleta maafa alitajwa kila nyumba ilipopata msiba. Jina lililokuwa kinywani mwa watu ndilo lililowafaa wahubiri. Yamkini kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa fasihi hawajalizingatia. Kiteso hugawa nomino kwa jinsia, na kiambishi a- kilichomo katika Akuj ni cha jinsia ya kike, ilhali e- ya Edeke ni ya kiume. Mfasiri aliyetaka kuandika kwamba Mungu ni Baba alikuwa na jina moja lililokubaliana na sentensi hiyo na jingine lililoipinga kisarufi. Hii haithibitishi kwamba sababu ilikuwa hiyo. Inaonyesha tu kwamba uteuzi wa jina la Mungu ulifanyika ndani ya sarufi yenye shinikizo lake, na kwamba msomaji wa Kiswahili, ambaye ngeli ya Mungu haimwambii lolote kuhusu mume au mke, huenda asilione shinikizo hilo kamwe.

Hapa ndipo Barr anapopungukiwa. Ni kweli kwamba kwa Mkristo wa Amukura leo Edeke ni Mungu, basi. Hata hivyo, maana ya matumizi haifuti kivuli cha zamani pale ambapo mazingira yanaendelea kukilisha. Ivan Karp, aliyechapisha Fields of Change among the Iteso of Kenya mwaka 1978, aliandika baadaye kuhusu ibada za kupagawa katika jamii hiyo, ambamo ugonjwa wa mtu hutafutiwa sababu kwa ipara, yaani mizimu ya wafu. Swali la nani ameleta ugonjwa huu, na kwa nini, halikuondoka ubatizo ulipoingia. Vilevile ukanda huu umeonja maradhi kuliko sehemu nyingi. Malale ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, na mwambao wa ziwa katika Samia na Bunyala haukunusurika. Katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulifuata njia kuu ya malori, na foleni za Malaba na Busia zikawa miongoni mwa vituo vyake. Jina lenye mwangwi wa maradhi, mahali penye historia kama hiyo, haliwezi kuwa kimya.

Yafaa ikubalike wazi kwamba mwangwi huo una hatari. Mhubiri aliyetaka kusema kwamba UKIMWI ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi, na wahubiri wa namna hiyo hawakukosekana popote Afrika Mashariki, alikuwa na jina lililomuunga mkono hata kabla hajafungua kitabu. Katika suala hili Okot alikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini kitabu kikifunguliwa, jambo jingine hutokea. Katika Kutoka 15:26 Mungu anawakumbusha Waisraeli maradhi aliyoyaleta juu ya Wamisri, na katika sentensi hiyohiyo anajitambulisha kuwa mponyaji wao. Kwa msomaji wa Kiswahili nusu ya kwanza ya aya hii ni tishio na ya pili ni faraja. Nusu hizo zinakaa pamoja kwa shida, na mahubiri mengi huiruka ile ya kwanza. Kwa msomaji wa Kiteso aya yote ni maelezo ya jina. Yule aliyejulikana kwa maradhi anatangaza kuwa kazi yake ni kuponya, na mvutano uliomo kati ya jina na tangazo ndio unaobeba maana. Ndivyo ilivyo pia katika Hesabu 21, ambamo walioumwa na nyoka wanaponywa kwa kuitazama sanamu ya kile kilichowauma. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Swali lao ni lilelile la kutafuta mleta ugonjwa, na Yesu anakataa kulijibu kwa masharti waliyoyaweka. Katika Kiteso anayekataa anamtaja Edeke, na kukataa kwake kunasikika kama masahihisho ya jina lenyewe, jambo ambalo haliwezi kusikika katika lugha isiyo na kivuli hicho.

Were na Nyasaye

Ukishuka kusini kuelekea Busia, tatizo linageuka. Wasamia na Wakhayo humtaja Were, jina lililoenea pia kwa majirani wengi wa upande wa Uganda, na Biblia ya Kiluhya iliyokamilika mwaka 1975 hutumia Nyasaye, jina linalosikika pia katika Kijaluo na lenye uhusiano na kitenzi cha kuomba na kusihi. Nyasaye ni yule anayeombwa. Majina yote mawili yametoka upande wa wema.

Hata hivyo, dini za ukanda huu hazikuwa na upande wa wema tu. Günter Wagner, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alieleza jinsi Wabukusu walivyomtofautisha Wele aletaye baraka na wele mweusi, chanzo cha mabaya. B. A. Ogot, katika uchunguzi wake juu ya Wapadhola wa Tororo, ng'ambo tu ya Malaba, alionyesha kwamba wao walimjua Were wa uani na Were wa porini. Kila mahali, basi, kulikuwa na mgawanyo wa aina fulani kati ya anayestawisha na anayedhuru, na kila tafsiri ya Biblia ililazimika kuufunga mgawanyo huo katika jina moja. Kwa Waluhya jina lililopewa kiti lilikuwa la mstawishaji, na kwa Wateso lilikuwa la mwenye maafa. Biblia mbili zinazosomwa Jumapili moja, katika miji isiyotengana kwa mwendo mrefu, zimeianza safari moja kutoka ncha zinazokabiliana.

Matokeo yake ni kwamba ugumu wa Maandiko haukai mahali pamoja. Msomaji wa Nyasaye hukwama katika Amosi 3:6, ambapo nabii anauliza kama maafa huupata mji bila Mungu kuyaleta. Yule anayeombwa amegeuka mtesaji, na aya hiyo inahitaji kuelezwa. Kwa msomaji wa Edeke aya ya Amosi haina la kushangaza; kinachohitaji maelezo ni sura kama ya 15 ya Luka, yenye baba anayemkimbilia mwana mpotevu. Hakuna tafsiri kati ya hizi iliyoepuka kazi ya ufafanuzi. Kila moja imeiweka mahali tofauti, na anayedai kwamba moja ni kosa na nyingine ni sahihi hana budi kutueleza kwanza ni Mungu yupi wa Biblia asiyejeruhi na kuponya pia.

Wapo waliokataa kazi hiyo kabisa. Elijah Masinde na Dini ya Msambwa waliona kwamba Wele hakuhitaji kitabu cha wageni. Februari 1948 wafuasi wake walipigwa risasi na polisi huko Malakisi, na mwaka huohuo dini yao ikapigwa marufuku. Msimamo wao uko karibu na wa Okot kuliko yeye alivyokiri, ila wao hawakuuandika kwa Kiingereza.

Mungu wa Kiswahili

Imebaki lugha ya nne, nayo ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi. Ibada za Malaba na Busia zina wenyeji, wachuuzi kutoka ng'ambo, madereva wa Mombasa na makarani wa forodha. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, mara nyingi kwa msaada wa mkalimani anayesimama ubavuni mwa mhubiri. Katika Kiswahili Mungu ni Mungu. Mwislamu na Mkristo hulitumia jina hilo bila kugombana, na halina kivuli cha maradhi, cha uani wala cha porini. Wengi huiona hali hiyo kuwa faida, na kwa mahusiano ya jirani na jirani ni faida kweli.

Lakini Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 haikuwa na jina lisilo na kivuli tu. Katika angalau sura moja kuu iliondoa pia maradhi ambayo matini ya asili inayataja. Katika Isaya 53 mtumishi wa Bwana anaelezwa kwa neno la Kiebrania holi, lenye maana ya ugonjwa. Neno hilo limo katika aya ya 3 na, kwa umbo la wingi, katika aya ya 4, na kitenzi cha shina hilohilo kimo katika aya ya 10. Wafasiri wa Kiswahili, wakienda njia moja na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, wameligeuza mara zote tatu kuwa jambo la huzuni na sikitiko. Mtumishi aliyeuijua hali ya ugonjwa amekuwa mtu mwenye majonzi, na Mungu aliyemtia ugonjwa amekuwa Mungu aliyemhuzunisha. Huzuni ni jambo la heshima. Mtu mwenye huzuni haondolewi kijijini wala hatengewi kikombe. Mgonjwa hutengewa. Sura inayomzungumzia mtu ambaye wenzake wanamfichia uso imepoteza sababu ya kumfichia.

Mathayo 8:17 inainukuu aya ya 4 ya sura hiyo baada ya Yesu kumponya mkwewe Petro na wenye pepo, na humo Biblia ileile ya Muungano inaandika magonjwa waziwazi, kwa kuwa Kigiriki cha Mathayo hakikumpa mfasiri nafasi nyingine. Msomaji wa Kiswahili anayelinganisha aya hizo mbili anakuta kwamba mwinjili ananukuu kitu ambacho nabii, katika lugha hiyo, hakukisema.

Sasa achukuliwe mkalimani wa Malaba, mwenye Biblia ya Kiswahili mkononi na masikio ya Kiteso, akiisoma Isaya 53 mbele ya mgonjwa ambaye jamaa zake wameacha kumtembelea. Kitabu kinampa masikitiko. Jina ambalo atalitamka midomo yake itakapogeukia lugha ya nyumbani ni lile ambalo Lawrance alilihusisha na maafa. Ambacho mfasiri wa mwaka 1952 alikitoa katika aya kimerudi kwa njia ya jina, na Kiebrania cha nabii, kwa neno hili moja, kiko karibu na kinywa cha mkalimani kuliko kilivyo karibu na ukurasa alioushika.

Okot alifariki mwaka 1982 akiwa hajaandika juu ya Isaya. Lawino hakuuliza kama kibiongo anaweza kuwa mtumishi aliyepindwa mgongo kwa ajili ya wengine, maana padri aliyemfundisha katekisimu hakumfikisha kwenye sura hiyo, na mshairi hakuona haja ya kumfikisha.